Uzi Mwekundu Juu ya Bawa

Hivi wewe, mwanamume mzima, kanyoa vizuri, viatu vimepigwa rangi, akikujia dukani siku ya gulio akakuomba umkatie uzi wa sufu vipande vifupi, kila kimoja urefu wa kidole, tena vingi vya kujaza kofia, ungemwelewaje? Ungemwuzia, au ungemwita jirani aje akusaidie kumtoa?

Zakia alimtazama kwanza. Ndiyo desturi ya wafumaji, kumtazama mtu mabega na kifua kabla ya kusikiliza maneno yake. Akaona mabega mapana yaliyoinama kidogo, kama ya mtu aliyezoea kupita chini ya vitu. Akaona shati jeupe la mikono mifupi katika baridi ile ya Soni, na mikono iliyosimama vinyweleo. Akasikia na harufu ya mafuta, si ya kupikia, ya mashine.

"Onga mshi, dada," alisalimu yule mgeni kwa lugha ya milima ile.

"Hiyo ya mchana. Saa hizi ni onga makeo. Nani kakufundisha?"

"Kondakta, njiani."

"Basi kakufundisha nusu, nusu nyingine kabaki nayo. Uzi wa nini, kaka?"

"Wa kubandika kwenye ndege."

Zakia akacheka mpaka akashika meza. Siku zile kicheko chake kilikuwa kitu cha nadra, hata jirani yake Mwanamisi, mwenye duka la chumvi na sabuni na simu ya kulipia, alichungulia mlangoni kuona kuna nini.

Ilikuwa enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa na kila mwenye meza akawa mfanyabiashara. Gulio la Soni lilikuwa limefurika: matenga ya kabichi, karoti zenye udongo bado, mapulamu yamemwagwa juu ya kanga, akina mama walioshuka na malori kutoka Malindi, ile ya huku milimani, wakipigania kivuli ambacho hakuna aliyekihitaji. Na mbele kabisa ya mlango wa Zakia, kwenye turubai la bluu, mlima wa mitumba. Juu ya mlima huo alisimama Hashimu, mgane wa makamo mwenye sauti kama ya mwadhini, akipiga kelele: "Sweta la Ulaya! Chagua, vaa, nenda! Baridi haina adabu!"

Hapo ndipo palipokuwa na msiba wa Zakia. Mama yake alimwachia mashine ya kufumia, kibanda chenye dirisha moja, na wateja wa milima mizima. Kulikuwa na wakati shule zilikuwa zikipanga foleni, sweta za kijani, sweta za bluu, na mashine ikilia chwaka, chwaka, tangu asubuhi hadi adhana ya magharibi. Mama akafa. Halafu mitumba ikaja. Mashine ikanyamaza. Siku hizo Zakia alikuwa na miaka thelathini na kitu, anaishi peke yake katika nyumba ya mama yake kwenye mteremko wa juu ya barabara, na kila jioni akichemsha chai mkono wake ulitoa vikombe viwili kabatini. Akikumbuka, alikirudisha kimoja. Kesho yake alivitoa tena viwili.

"Unacheka, lakini mimi sina mzaha," alisema yule mgeni. Hakuwa amekasirika. "Naitwa Fahadi. Mtu wa Tanga. Ni fundi wa ndege, ndege ndogo ya kampuni moja ya watu binafsi, tunatua pale Mazinde, kwenye kiwanja cha mashamba ya mkonge. Ndege yetu ina ugonjwa."

"Na dawa yake sufu?"

"Sufu ni ya kumwuliza inapoumwa. Nataka nyekundu, ionekane kwa mbali."

Zakia akashusha donge la uzi mwekundu kutoka rafu ya juu, lililobaki kutoka sweta za timu ya mpira wa mkono, enzi hizo timu zikiwa na sweta. Akavuta, akapima kwa kidole chake mwenyewe, akakata. Fahadi akaweka kofia yake juu ya meza. Walikata pamoja, yeye kwa mkasi, mgeni kwa wembe, bila kusema sana, mpaka kofia ikajaa kama kiota cha ndege mwekundu.

"Nilipe kiasi gani?"

"Mazao ya mzaha hayauzwi," alisema Zakia. "Chukua na donge lenyewe, ukiona hazikutosha ukate. Lakini sikia sheria ya wafumaji. Hapa kwetu mtu akileta uzi wake afumiwe, sweta likiisha, uzi uliobaki unarudi kwa mwenyewe. Uzi ukirudi, kazi imekwisha, hakuna anayemdai mwenzake hata salamu. Kwa hiyo ukimaliza ugonjwa wa ndege yako, nirudishie donge langu."

"Na nisiporudisha?"

"Basi bado tuna kazi."

Fahadi akalitia donge mfukoni polepole, kama mtu anayetia yai.

Alirudi wiki iliyofuata, akiwa na koti la kuazima lililombana kwapa. Akarudi tena. Kila alipokuja alikuwa na sababu: gundi, sindano, kitambaa cha kufutia. Mwanamisi, ambaye alikuwa na ulimi wa pilipili, alimwambia Zakia, "Shoga, huyu fundi kama kila kitu cha ndege kinanunuliwa hapa Soni, basi mimi sipandi ndege."

Siku moja baada ya swala ya Ijumaa walishuka mtoni, chini kidogo ya maporomoko. Mwanamisi aliwafuata nyuma akitafuna muhindi wa kuchoma, ili watu wasipate la kusema. Zakia alivaa gauni la kitenge cha manjano na mtandio mweusi, na juu yake sweta alilojifumia mwenyewe, rangi ya chai ya maziwa, vifungo vya mti. Fahadi akachuchumaa kwenye jiwe.

"Tazama maji yanavyopita mgongoni mwa jiwe hili," alisema. "Yamelikumbatia. Hayakulazimishwa, yanalifuata tu lilivyopinda. Hewa nayo inafanya vivyo hivyo juu ya bawa. Ikilikumbatia, ndege inaelea. Sasa tazama pale nyuma, jiwe linapokatika ghafla."

Nyuma ya jiwe maji yalikuwa yameachia. Yalizunguka, yakarudi nyuma, yakatoa povu. Jani moja kavu lilikuwa limenaswa pale. Lilizunguka, likazunguka, halikwenda na mto wala halikuzama.

"Hapo bawa limeachwa," alisema Fahadi. "Hewa haipo nalo tena. Ndege inaanguka hata kama injini inanguruma."

"Masikini jani," alisema Zakia.

"Sasa, ndege ikitaka kutua lazima ipunguze mwendo, na ikipunguza mwendo hewa inataka kuliachia bawa. Ndiyo maana nyuma ya bawa kuna kibawa kingine kinachoinama. Sisi mafundi tunakiita flapu. Ukikiinamisha, bawa linapinda zaidi, ndege inaweza kwenda pole pole bila kuanguka."

"Kama mzee anavyoinamisha mgongo kwenye mteremko."

"Ee, umesema vizuri kuliko kitabu changu! Lakini siri iko hapa." Akaweka kiganja kimoja mbele na kingine nyuma yake, akaacha nafasi ndogo katikati. "Kati ya bawa na flapu kuna upenyo. Mdogo, unapita kidole. Hewa ya chini, yenye nguvu, inapenya hapo, inapanda juu, inaisukuma ile ya juu iliyochoka isiachane na flapu. Pasipo upenyo ule, flapu haina kazi."

"Na ndege yako inaumwa wapi?"

"Ikitaka kutua, bawa la kushoto linaanguka kabla ya la kulia. Rubani wetu ameshapiga magoti mara mbili kumshukuru Mungu. Nyuzi zako nitazibandika kwenye mabawa yote. Zikilala, hewa ipo. Zikitetemeka, hewa inataka kuondoka. Zikigeuka zikatazama mbele, hewa imekwisha ondoka."

"Na mtu je, utamjuaje kabla hajageuka?"

Kule nyuma Mwanamisi akatema punje za muhindi na kusema kwa sauti, "Jibu hilo, fundi!" Lakini fundi alijua habari za hewa tu.

Kuanzia hapo simu ya Mwanamisi haikupumzika. Fahadi alipiga kutoka ofisi ya mkonge kule Mazinde, na Mwanamisi alitoka mlangoni akiita kwa sauti ambayo hata Hashimu juu ya mitumba yake aliisikia: "Zakia! Hewa inakuita!"

"Umekula?" Fahadi aliuliza simuni.

"Nimekula. Wewe?"

"Ugali na dagaa. Joto la huku linakausha hata mawazo. Huko mvua?"

"Ukungu. Sioni hata turubai la Hashimu."

"Basi leo ni siku njema kwako."

"Wewe! Jirani huyo."

"Zakia."

"Bee."

Waya ikivuma.

"Hakuna. Nilitaka kusikia bee."

Siku ya kujaribu ndege Zakia alishuka Mazinde pamoja na Mwanamisi, nyuma ya pikapu ya kabichi. Alikuwa hajashuka uwandani tangu mama yake afariki. Joto lilimpokea kama mlango wa tanuri. Akavua sweta, akalishika mkononi, akajiona kama mtu aliyevuliwa jina. Mkonge ulipanga mistari mpaka macho yalipoishia, na milima yao ilisimama nyuma, bluu, juu, mbali, kama nyumba ya watu wengine.

Na pale kwenye nyasi, ndege. Ndogo kuliko alivyodhani, nyeupe, bawa lake limekaa chini, usawa wa kiuno. Na juu ya bawa zima, safu kwa safu, nyuzi zake. Upepo ulipopita zilisimama zote, nyekundu, kama bawa limeota manyoya.

"Karibu, mama mwenye manyoya!" alisema rubani, Kristofa, mtu wa Moshi, mnene, mcheshi, shati limelowa mgongoni. "Huyu bwana hataki hata nikae karibu na donge lake la uzi. Amelitia mfuko wa mlango wa ndege. Nikamwuliza, la nini? Akasema likirudi kwa mwenyewe kazi imekwisha."

"Ndivyo tulivyopatana," alisema Zakia, akaona aibu.

Fahadi alimwonyesha mkono wa flapu katikati ya viti, mfano wa breki ya mkono ya gari. Akamwacha auvute. Ulilia ka, ukakaa. Ka tena, ukakaa. Nje vibawa viliinama, na Zakia akauona upenyo kwa macho yake, ufito mwembamba wa mwanga kati ya bati na bati. Kila kituo cha mkono kina mwendo wake, Fahadi alisema. Ukivuta vyote kwa pupa, ndege inashtuka.

Kabla hajapanda alisimama mbele yake akichezea utepe wa gundi.

"Zakia, kuna jambo. Kazi hii ikiisha nitakuambia."

"Niambie sasa."

"Kazi ikiisha. Mimi sijazoea kusema kitu sijakipima."

Ndege ikapanda mpaka ikawa kama kunguru. Halafu ikaanza kwenda polepole, polepole, mpaka ikawa kama imetundikwa. Injini ikashuka sauti. Zakia akahesabu pumzi zake. Mara bawa la kushoto likaanguka, ndege nzima ikapinduka upande kama mtu aliyekosa ngazi, ikateremka.

Hakujua kwamba amepiga kelele mpaka Mwanamisi alipomshika. Ndege ilijikusanya, injini ikanguruma, ikapanda, ikarudia jambo lile lile. Mara tatu. Mara ya tatu Zakia alikaa chini kwenye nyasi, ameufunika uso wake kwa sweta.

Fahadi alishuka anakimbia, macho yanawaka. "Nimeiona! Upande wa kulia nyuzi za flapu zimelala hadi mwisho. Kushoto zinageuka mapema, zote kwa pamoja! Upenyo! Njoo uone!" Akaingiza kucha nyuma ya bawa la kushoto, akavuta, ukatoka ukanda mrefu wa mpira uliopakwa rangi nyeupe. "Kuna fundi wa rangi zamani aliuona upenyo akadhani ni ufa. Akauziba. Mtu mwema kabisa, alidhani anatengeneza!" Akacheka. Ndipo akauona uso wa Zakia. "Umeogopa?"

"Niogope nini? Nilikuwa natazama nyuzi zangu."

Akamwamini. Alikuwa mtu wa kuamini anachoambiwa.

Sasa sikia jinsi mambo madogo yanavyoharibika. Siku ya pili yake Zakia alikwenda Malindi. Shule moja ya kule bado ilitaka sweta za kufumwa, akakaa siku kadhaa kupima watoto. Huku nyuma mkubwa wa kampuni akafika Mazinde ghafla, akafurahi kwamba ndege imepona, akamchukua Fahadi asubuhi ile ile kwa gari kwenda Arusha, kwenye ndege nyingine iliyolala. Fahadi alipiga simu Soni, Zakia hayupo. Akapiga tena, hayupo.

Na Kristofa, mtu mwema naye, alipokuwa akisafisha ndege yake, akakuta donge la uzi mwekundu mfuko wa mlango. Akakumbuka sheria. Kazi imekwisha, akasema moyoni, na mali ya watu irudi. Akapanda nalo Soni.

Zakia aliporudi kutoka Malindi, mavumbi bado miguuni, alimkuta amesimama mlangoni.

"Fundi wako yuko Arusha," alisema Kristofa kwa furaha. "Kazi imekwisha, ndege inatua kama njiwa. Uzi wako huu hapa. Tunashukuru sana, mama."

Zakia akalipokea kwa mikono miwili, kama inavyopasa kupokea. "Msalimie," alisema. "Mwambie sidai kitu."

Mwanamisi akaja mbio: Fahadi kapiga simu, kapiga tena, atapiga jioni.

"Mwambie sipo."

"Shoga, upo, nakuona."

"Mtu amenirudishia uzi, Mwanamisi. Amemtuma mwingine. Sasa anataka simu ya nini? Anataka nimpe na risiti?"

"Msikilize basi, roho yako itulie."

"Mwambie sipo."

Mwanamisi akasema hivyo, mara ya kwanza, na ya pili, na ya nane, kila mara kwa sauti ndogo zaidi. Kisha masika yakaanza. Mvua ikaangusha nguzo za simu kwenye kona za barabara ya Mombo, na simu ya duka ikafa kabisa.

Masika ya mwaka ule yalikuwa marefu. Maji yalipiga bati mchana kutwa kiasi kwamba mtu hawezi kujisikia hata akiongea peke yake, na Zakia alikuwa ameanza kuongea peke yake. Alimaliza sweta za Malindi. Hakukuwa na nyingine. Alipaka mafuta mashine, akaifuta, akaifunika kanga ya mama yake. Jioni alichemsha chai, mkono ukatoa vikombe viwili. Siku hizo hakukirudisha cha pili, alikiacha mezani, kitupu, kwa sababu kurudisha kulikuwa kazi. Donge jekundu alilitia ndani yake ili lisimwangalie, lakini lilitokeza juu ya mdomo wa kikombe. Akawa analiangalia yeye.

Wakati mwingine ukungu ukifunguka kidogo alisikia mngurumo angani, akatoka. Alisimama uani na ufagio mkononi, akatazama juu. Mawingu. Akarudi ndani akafagia palipokwisha fagiwa.

Hapo ndipo Hashimu alipotuma posa. Hakufanya upuuzi, alituma wazee kwa baba yake mdogo Zakia, Mzee Mbaraka, wakaenda wamevaa kanzu safi. Hashimu alikuwa mtu wa heshima, hanywi, hapigi kelele isipokuwa juu ya mitumba. Mzee Mbaraka akamwita Zakia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mwanangu, sikulazimishi. Lakini mashine imenyamaza, nyumba ina mtu mmoja, na mimi ni mzee. Mtu anayekuua kwa njaa ndiye huyo huyo anataka kukulisha. Mungu ana mambo yake. Nipe jibu Ijumaa."

"Nipe muda, baba."

"Muda nimekupa. Ijumaa."

Ijumaa ile ilikuwa siku ya gulio, mwezi wa kipupwe, ukungu umelala juu ya matenga kama pamba. Zakia alikuwa amekaa kibandani, mikono mapajani. Mlango ukafunikwa na mabega. Shati jeupe, mikono mifupi, meno yakigongana.

"Onga makeo," alisema Fahadi.

Zakia aliitazama ile mikono wazi. Akasema, "Umejifunza."

"Nilikuwa na muda mwingi. Zakia, nimekukosea nini?"

Zakia alikuwa amekuja na lile donge siku ile, asijue kwa nini. Akalitoa kwenye kikapu, akaliweka mezani kati yao.

"Uzi wako ulionirudishia."

Fahadi alilitazama kama mtu anayeona kiatu chake mguuni mwa mwingine. "Nani kalileta?"

"Kristofa."

"Kristofa!" Akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. "Tangu nipelekwe Arusha sijaongea naye, kila nikipiga yuko angani. Nilitafuta donge hili, Zakia! Nilipiga simu Mazinde waiangalie ndege nzima. Niligombana na mwosha ndege wa watu, nikamwita mwizi. Mimi nilirudishe? Nililiacha ndani makusudi, ili kazi isiishe."

Nje Hashimu alikuwa akinadi makoti. Zakia alihisi kitu kinayeyuka kifuani na kitu kingine kinaganda.

"Ulisema utaniambia jambo."

"Nilisema."

"Na ulikaa Arusha masika mazima."

"Kila nilipopiga ulikuwa haupo. Nikasema, hewa imekwisha ondoka, nisilazimishe. Nikaja leo kwa kuwa nilishindwa kuamini bila kuona."

"Mimi ndiye niliyeziba upenyo," alisema Zakia polepole. "Nilikuwepo kila ulipopiga."

Halafu, kwa sababu hakupenda uongo hata wa kunyamaza, akaongeza: "Hashimu ameleta posa. Jibu ni leo."

Uso wa Fahadi ukabadilika. Akasimama, akakung'uta suruali isiyo na vumbi.

"Basi siwezi kusema neno."

"Hata moja?"

"Haifai mtu kuweka posa yake juu ya posa ya mwenzake, nawe unajua. Mtu yule hajanikosea. Ningekuja jana... Lakini sikuja jana." Akajaribu kutabasamu. "Alhamdulillahi. Nimekuona. Basi la Tanga linaondoka sasa hivi, nikilikosa nitaganda huku."

Akatoka. Alipita mbele ya turubai la Hashimu, akampa salamu, tena salamu nzuri, akamezwa na ukungu.

Zakia alibaki akilitazama lile donge. Alikuwa amekaa vizuri, mgongo wima, kama mwanamke anayengoja kusemewa. Alingoja mama apone. Alingoja wateja. Alingoja mtu mmoja aseme neno moja, na sasa mtu yule amefungwa mdomo na adabu yake mwenyewe. Likamjia lile jani nyuma ya jiwe.

Akasimama, akavuka hadi kwenye turubai.

"Kaka Hashimu."

"Naam, Zakia."

"Jibu rasmi litakuja kwa baba Mbaraka, kwa heshima zake. Lakini nimeona ulisikie kwangu kwanza. Haiwezekani. Nisamehe. Umenifanyia heshima ambayo sikuistahili."

Hashimu alikunja koti alilokuwa nalo, akalikunjua, akalikunja tena. "Unadhani nasimama hapa mbele ya mlango wako mwaka mzima sina macho?" alisema, na sauti yake ya mwadhini ilikuwa imeshuka hadi chini. "Nimeumia, siwezi kukudanganya. Ila nimesikia. Haya, nenda. Basi la Tanga halingoji mtu."

Zakia alikimbia. Alipita kati ya matenga, akakanyaga mapulamu ya watu, mwanamke mmoja akamwita mwendawazimu na Mwanamisi mlangoni kwake akapiga kigelegele kabla hajajua cha nini. Injini ya basi ilikuwa inanguruma. Fahadi alikuwa na mguu mmoja kwenye ngazi.

"Fahadi!"

Akageuka. Kondakta akageuka. Madirisha yote yakageuka.

"Shuka."

Akashuka.

"Posa ya Hashimu haipo tena. Nimemjibu mwenyewe, kwa mdomo wangu."

Fahadi akavuta pumzi aseme.

"Nyamaza," alisema Zakia. Alikuwa anahema, mtandio umemwangukia mabegani, na donge la uzi liko mkononi, hakujua hata kwamba amekuja nalo. Akalisukuma kifuani mwa Fahadi. "Umenieleza sana habari za hewa, nami nimesikiliza. Leo sikiliza wewe. Nakutaka wewe. Nilikutaka tangu siku ya kofia, nikakaa kimya nikidhani ndiyo heshima. Nataka uende kwa baba Mbaraka leo, kabla ya alasiri, ujisemee. Uzi wangu nataka ukae nao, usinirudishie tena, wala wewe wala Kristofa. Na jioni nikimimina chai, Fahadi, nataka nimimine viwili."